Kwa nini The Two Towers inakushusha Makambako

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Niko Njombe, nimemaliza kidato cha sita, nasubiri chuo. Kitabu cha kwanza cha The Lord of the Rings nilikisoma siku tano. Cha pili, The Two Towers, kimenichukua miezi miwili. Nusu ya kwanza ilikuwa safi, vita vya Helm's Deep nilisoma mpaka simu ikaisha chaji. Halafu ghafla wale wote wanaachwa, na sura kumi nzima ni watu watatu wanatembea kwenye matope wakibishana juu ya chakula. Mwisho wenyewe nao si mwisho. Kaka yangu anasema vitabu vya katikati vyote ndivyo vilivyo, ni daraja tu la kukufikisha cha tatu, bora ningeangalia filamu nikaruka. Je, udhaifu ni wa kitabu au ni wangu? Na nguvu yake iko wapi, kama ipo?

JIBU: Marahaba binti yangu, kamwene. Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilitaka kukubishia, ya pili nikaona nusu ya malalamiko yako ni ya haki, ila umeyaelekeza siko. Mimi ningekuwa refa, kadi ya njano ningeitoa kwa ile nusu ya vita uliyoipenda, na wale watatu wa kwenye matope, yaani Frodo anayebeba Pete ya adui kwenda kuiangamiza, mtumishi wake Sam, na Gollum aliyewahi kuimiliki Pete hiyo, ningewaacha waendelee kucheza.

Nianze na hilo la mwisho usio mwisho, maana jibu lake ni fupi. Tolkien, mwandishi wake, hakuandika kitabu cha katikati. Aliandika riwaya moja ndefu, akaigawa mwenyewe katika mafungu sita. Aliianza Desemba 1937, na Vita Kuu ya Pili ilipokwisha bado alikuwa hajaimaliza. Baada ya vita karatasi ilikuwa ghali Uingereza, na wachapishaji wake, George Allen & Unwin, waliogopa kuweka fedha zao zote kwenye kitabu kimoja kinene kama tofali. Wakakikata vipande vitatu: cha kwanza kikatoka Julai 1954, cha pili Novemba mwaka huohuo, cha tatu Oktoba 1955. Hicho ulichokisoma miezi miwili ni fungu la tatu lenye sura 11 na fungu la nne lenye sura 10, yaliyowekwa ndani ya jalada moja. Hata jina lilimsumbua. Minara katika hadithi hii ni mingi, na katika barua zake Tolkien anayumbayumba kuhusu ni ipi hiyo miwili. Kwa hiyo unapolalamika kwamba kitabu hakina kichwa wala miguu, unayemlalamikia ni mwenye mkasi. Na shukuru: wasomaji wa 1954 waliachwa na Sam nje ya lango lililofungwa, Frodo mikononi mwa adui, wakasubiri hivyo miezi kumi na moja.

Lakini kule kukatwa katikati, pale unapowaacha wote wa Helm's Deep na kurudi kwa Frodo, hakukufanywa na mchapishaji. Huko ni kwa Tolkien mwenyewe, na hapo ndipo pa kubishana.

Wewe ni mtu wa Njombe, Makambako unapajua. Mmepanda basi pamoja Dar alfajiri, mmegawana mahindi ya kuchoma, mmepanda Kitonga taratibu nyuma ya malori. Mnafika Makambako, wewe unashuka kutafuta gari la Njombe, jirani yako wa siti anaendelea Mbeya. Kuanzia hapo hajui kama umefika, na wewe hujui kama basi lake limelala Igawa. Waandishi wengi wa siku hizi wangekupa kipande cha safari ya huku na kipande cha safari ya kule, zamu kwa zamu, kama tamthilia ya jioni. Filamu ya 2002 ndivyo ilivyofanya. Tolkien hafanyi hivyo. Anapanda basi la Mbeya, analifuata sura kumi na moja, ndipo anarudi mpaka Makambako kukuokota wewe uliyesimama kwenye vumbi na begi lako.

Hasara yake umeiona: joto la vita linapoa ghafla. Faida yake ni giza. Aragorn, mmoja wa wale wa Helm's Deep, hajui Frodo yuko wapi, na kwa sura kumi na moja wewe msomaji nawe hujui. Ukivuka upande wa pili, giza linageuka. Sasa wewe unajua jambo ambalo Frodo halijui, kwamba Gandalf, yule mchawi aliyekuwa kiongozi wao, yu hai. Frodo anatembea mpaka mwisho wa kitabu akiamini mzee yule alikufa kwenye shimo la Moria. Rudi kwenye sura ile wanapojificha wakilitazama Lango Jeusi. Frodo amekaa anajaribu kukumbuka kama Gandalf aliwahi kumwambia lolote juu ya njia ya kuingilia, na hakumbuki kitu. Mwandishi anachomeka hapo sentensi chache: kwamba hata wakati Gandalf anamalizana na mchawi msaliti Saruman kwenye ngazi za mnara wake wa Orthanc, mawazo yake yalikuwa kwa Frodo na Sam, akiwatafuta kwa moyo kutoka mbali. Ukifuatisha tarehe zilizo nyuma ya kitabu cha tatu (zitazame, hazikuharibii hadithi ukiishia tarehe 5 Machi), utaona ni siku ileile. Kama angekukatia vipande zamu kwa zamu, sentensi hizo ungezipita bila kushtuka. Zinauma kwa sababu umekaa kurasa nyingi na Gandalf, kisha uko na mtu anayemlilia.

Sasa ile nusu ya vita. Usiku wa Helm's Deep ni mzuri, sikatai; mvua, ngazi, ukuta unalipuliwa, watu wanachoka kweli. Lakini angalia asubuhi yake. Mfalme Théoden anatoka kwa farasi na kuwasambaratisha maadui. Papo hapo Gandalf anatokea mlimani na Erkenbrand na askari elfu moja. Na bondeni, ambako jana hapakuwa na kitu, umeota msitu mzima unaowameza wanaokimbia. Misaada mitatu kwa asubuhi moja! Mmoja ungetosha. Mwandishi aliyekutisha usiku kucha anakupangusa machozi kwa leso tatu.

Kibaya zaidi ni Isengard, ngome ya Saruman. Miti inayotembea, ambayo kwa maelfu ya miaka haikujali ugomvi wa watu, inakasirika na kuibomoa ngome ya mchawi kwa mikono yake. Hilo ndilo tukio kubwa kuliko yote katika fungu la tatu, na hatulioni. Tunafika siku mbili baadaye, tunawakuta Merry na Pippin, wenzake wawili Frodo, wamekaa kwenye kifusi wameshiba, wanavuta kiko, ndipo wanatusimulia. Najua wapo wanaopenda sura hiyo kwa ucheshi wake. Mimi naona ni kama kuikosa mechi kisha kusimuliwa mabao na mtu mwenye chakula mdomoni. Na ukishamwona msimulizi ameshiba, hofu inabaki wapi?

Kurudi kwa Gandalf pia nakuwekea alama ya kuuliza. Kifo chake katika kitabu cha kwanza kilituonyesha kwamba katika hadithi hii mkubwa anaweza kufa. Anaporudi akiwa mweupe, sura ya tano tu ya kitabu cha pili, kifo kile kinapungua uzito. Nimeshaambiwa sababu zake za kiimani na nimezielewa. Kama msomaji, bado nanung'unika.

Wanawake sitakaa nao sana kwa sababu kitabu chenyewe hakikai nao: Éowyn, mpwa wa Théoden, anaonekana kidogo tu, halafu kuna buibui. Ile sura ya “Sauti ya Saruman”, anapojaribu kuwarubuni watu kwa maneno matamu, kinyume chake, ni sura niliyowahi kuwasomea wanafunzi darasani wakati wa kampeni, nikanyamaza, wakacheka wenyewe.

Tufike kwenye matope. Nilifundisha Iringa miaka kadhaa kabla ya kuhamia Mbeya, na kila mwaka nilikuwa nawapa wanafunzi zoezi moja: simulieni habari za Mkwawa, mtwa (mkuu) wa Wahehe. Karibu wote walianza Lugalo, tarehe 17 Agosti 1891, Wahehe wanawavizia Wajerumani na kamanda wao Zelewski anauawa. Kisha wanaruka moja kwa moja hadi 19 Julai 1898, mtwa anajipiga risasi asikamatwe. Nikiwauliza, je, kati ya hapo? Kimya. Wachache walikumbuka kwamba Kalenga, ngome yake, ilianguka mwishoni mwa Oktoba 1894. Hiyo ina maana kuna takriban miaka minne ambayo mtu yule aliishi porini, anawindwa, anahama usiku. Nani alimpelekea chakula? Nani alimwona akanyamaza, na nani alimwona akaenda kusema? Wazee hawakuiruka miaka hiyo. Mzee mmoja niliyewahi kukaa naye alisimulia Lugalo kwa dakika kumi, na hiyo miaka ya porini ikatuchukua hadi mbalamwezi. Lugalo tayari ina mshindi, na mwisho una kaburi. Katikati hakuna aliyejua lolote, si Mkwawa, si waliomsaka.

Fungu la nne la Tolkien ni miaka hiyo ya porini. Ndiyo maana ni watu watatu tu, wanatembea, wana njaa.

Umesema wanabishana juu ya chakula. Soma tena sura ya sungura, na uisome kama mtu wa Njombe. Sam anapata sungura wawili walioletwa na Gollum, anawasha moto mdogo, anatafuta majani ya kuungia, na kitu anachokitamani kuliko vyote pale ugenini ni viazi mviringo. Gollum hajui viazi ni nini, na Sam anamweleza kwa mapenzi kama mama wa Uporoto anavyosifia viazi vyake barabarani, hata anamwahidi siku moja kumkaangia samaki na viazi. Gollum anaona kupika ni kuharibu nyama. Unacheka, unashusha mabega. Halafu Sam anakumbuka hakuuzima moto vizuri. Moshi mwembamba unapanda juu ya miti, na moshi huo ndio unaowaleta askari wa Faramir, kapteni anayepigana na adui huyohuyo. Sufuria moja imekuonyesha Sam anakumbuka nini na Gollum amesahau nini, kisha ikawaponza. Asubuhi yote ya Helm's Deep haina ufundi wa namna hiyo.

Katika sura hiyohiyo kuna jambo ambalo sisi wasomaji wa huku hatuwezi kulipita. Watu wa Kusini wanaopigana upande wa adui ni watu wa ngozi ya kahawia, na mmoja anaangukia karibu na Sam, mshale shingoni, mkono wake bado umeshika mpini wa upanga uliovunjika. Sam anashukuru kwamba haioni sura yake. Anajiuliza aliitwa nani, alitoka wapi, kama kweli alikuwa na moyo mbaya, au ni uongo na vitisho gani vilivyomtoa kwao safari ndefu kiasi kile, na kama asingependa kubaki nyumbani kwa amani. Kisha tembo mkubwa anapita na wazo linakatika.

Hapo nguvu na udhaifu wa kitabu vimesimama mguu kwa mguu. Ni udhaifu, kwa sababu mtu wa Kusini anapewa huruma akishakufa. Katika vitabu vyote vitatu hakuna mwenzake hata mmoja anayepewa jina na nafasi ya kueleza kwa nini amekuja. Ni nguvu, kwa sababu swali limeulizwa na mtumishi wa bustani, si na mfalme, na ni swali sahihi. Wale askari wa Zelewski pale Lugalo wengi walikuwa Waafrika waliotolewa Sudani na kusini mwa bara. Niliwasomea wanafunzi swali la Sam, kisha nikawauliza hao nao waliitwa nani. Darasa lilikaa kimya muda mrefu kuliko nilivyotegemea.

Mambo haya Tolkien hakuyaandika kwa kubuni tu. Alikuwa ofisa kijana kwenye vita vya Somme mwaka 1916, na baadaye alikiri mwenyewe kwamba yale Madimbwi ya Wafu, nyuso zinazokutazama kutoka chini ya maji, yana deni kwa Ufaransa ya kaskazini baada ya vita hivyo. Na fungu lote la nne sehemu kubwa aliliandika 1944, akimtumia mwanawe Christopher sura baada ya sura. Kijana alikuwa Afrika Kusini, kwenye jeshi la anga. Naamini inasikika. Ni mtu anayemwandikia mtoto aliye mbali, katikati ya vita ambavyo hakuna ajuaye vitaishaje.

Lakini kama utarudia ukurasa mmoja tu, rudia ule wa kwenye ngazi za Cirith Ungol, njia ya mlimani ya kuingilia nchi ya adui. Frodo na Sam wamelala, kichwa cha Frodo kiko mapajani mwa Sam. Gollum anarudi kutoka gizani alikokwenda kupanga kuwasaliti. Anawaona. Ile kijani ya machoni inafifia, macho yanakuwa ya kijivu, ya kizee. Anageuka kutazama njia aliyotokea, anatikisa kichwa kama mtu anayebishana na nafsi yake, kisha ananyoosha mkono unaotetemeka na kumgusa Frodo gotini, kidogo sana. Kwa muda huo si mnyama wala mwizi, ni mzee aliyechoka ambaye ameishi kupita jamaa na rafiki zake wote. Sam anaamka. Anaona mkono juu ya bwana wake, anamfokea, anamwita mnyatiaji. Kijani inarudi machoni. Dakika imepita, na haitarudi.

Tolkien aliwahi kuandika katika barua kwamba kwake yeye huenda hiyo ndiyo dakika ya huzuni kuliko zote katika kisa kizima. Hakuna upanga, hakuna mfalme, na aliyekosea ni mtu mwema anayempenda bwana wake. Katika kitabu cha kwanza Gollum ni vishindo vya miguu gizani. Kitu hiki kilihitaji sura zote hizo za kutembea, za kushiriki mkate na kukataa mkate, ili siku ile mkono uliotetemeka uwe na maana. Ukizipunguza sura hizo, unabaki na mzee anayegusa goti la mtu.

Kaka yako anasema vitabu vya katikati vyote ni daraja. Mpe The Tombs of Atuan wa Ursula Le Guin, wa 1971. Nacho ni cha pili kati ya vitatu vya mwanzo, lakini kinaanza na msichana ambaye hatujawahi kumsikia, kuhani wa makaburi ya gizani, na shujaa wa kitabu cha kwanza haonekani mpaka sura kadhaa zipite, tena anaingia kama mwizi. Kinasimama chenyewe, kina mlango wa kuingilia na wa kutokea. Kwa ufundi wa kitabu cha katikati, Le Guin amemshinda Tolkien, nasema bila kusita. Kwa ukurasa ule wa ngazi, hapana.

Na filamu haikusaidii kuruka. Kifo cha Boromir, mmoja wa wasafiri wenzake Frodo, ambacho ndicho kinafungua kitabu cha pili, filamu imekipeleka mwisho wa sehemu ya kwanza. Shelob, yule buibui anayekaribia kukifunga, imempeleka sehemu ya tatu. Ukiangalia sehemu ya pili peke yake umekosa mlango na dirisha.

Kuhusu mwisho, nikupe yangu. Nakala yangu ya kwanza ya The Two Towers niliinunua Mwanjelwa kwa muuza vitabu vya mitumba, miaka mingi iliyopita, na kurasa zake za nyuma zilikuwa zimenyofoka. Kitabu changu kiliishia pale Sam anapoamini Frodo amekufa, anaichukua Pete na kuanza kwenda peke yake. Sikujua kama kuna zaidi. Kitabu cha tatu sikuwa nacho. Nikakaa karibu miaka miwili nikiamini Frodo amefia kwenye njia ile, na kwamba kazi yote sasa ni ya mtunza bustani. Nikawasimulia wanafunzi hivyo. Nilipoipata nakala kamili na kusoma kwamba anapumua, nililazimika kurudi darasani kuomba radhi, na mvulana mmoja akaniambia, "Mwalimu, bora ungeacha vile."

Kwa hiyo kianze cha tatu wiki hii, usikiache kipoe. Jiandae tu, utashushwa Makambako tena: kitaanza na Gandalf na Pippin juu ya farasi usiku, na Frodo hutamwona mpaka sura kumi zipite. Katika sura hizo kuna mtu atatoka langoni ameshika kitu mkononi, na wewe peke yako ndiye utakayekuwa unajua Frodo uliachana naye wapi. Na kama unakinunua kwa mtumba, fungua nyuma uhesabu kurasa kabla hujatoa pesa.